Baka la Karkade

Binti yetu alizaliwa Juba mwezi Machi 2012, miezi minane baada ya Sudan Kusini kupata uhuru. Mkunga alipomfunua uso ili nimwone, nilidhani hajamfuta damu vizuri. Kutoka kwenye kope ya jicho la kushoto, kushuka shavuni mpaka karibu na sikio, ngozi ilikuwa ya zambarau iliyoiva. Nikaomba kitambaa. Mkunga akanishika mkono. "Haifutiki hiyo, baba," akasema. "Amekuja nayo."

Jioni ile mama mkwe akafika kutoka mtaa wa Kator. Wajukuu wanamwita haboba, nami nilishazoea kumwita hivyo. Alimpakata mtoto, akamtazama kwa muda bila kusema neno, kisha akamgeukia mke wangu. "Ulipokuwa na mimba ulitamani nini, binti yangu?" Mke wangu akajibu papo hapo: karkade. Ndiyo ile ambayo Tanzania huitwa rosela au choya, maua mekundu yanayochemshwa na kutiwa sukari, na akina mama wa vibanda vya chai huyauza kila pembe ya Juba. Mke wangu alikuwa akinywa gilasi nne, tano kwa siku. Haboba akatikisa kichwa polepole, na kwa ukoo mzima jibu likawa limepatikana.

Sikuweza kumlaumu, maana lugha yenyewe ilikuwa upande wake. Kwa Kiarabu alama ya kuzaliwa huitwa wahma, na neno hilo ni la shina moja na waham, zile tamaa za mjamzito. Anayetamka jina la baka ameshamtaja mama kuwa ndiye aliyelisababisha. Kwetu Kenya nako nilikua nikisikia kwamba mjamzito asijishike mwili jua linapopatwa, asije akamwachia mtoto alama. Mke wangu hakubishana na mtu. Aliacha karkade siku hiyo, na kwa miaka minne na zaidi sikumwona akiigusa.

Mtoto alipofikisha miezi mitatu tulimpeleka kwa daktari mmoja, ambaye sitamtaja. Alimtazama kwa dakika moja, akasema ni uvimbe wa damu wa watoto wachanga, utanywea wenyewe, na akifika miaka mitano hatutaona kitu. Tulitoka tukiwa wepesi kama unyoya. Uvimbe wa aina hiyo upo kweli, huitwa hemanjioma. Hujitokeza wiki chache baada ya kuzaliwa, hufura haraka miezi ya mwanzo, kisha hunywea pole pole kwa miaka. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliandika kwamba propranolol, dawa ya moyo na presha, huufanya unywee upesi, na tangu hapo watoto wengi wamepona bila kisu. Lakini baka la binti yetu lilikuwa bapa tangu siku ya kwanza. Halikufura wala halikunywea, lilikua tu kadiri shavu lilivyokua. Hayo yalikuwa mbele ya macho yetu, nasi hatukujua kuyasoma. Tukasubiri miaka mitano ifike.

Haikufika tukiwa Juba. Julai 2016 risasi zilirindima mjini kwa siku kadhaa, na uwanja wa ndege ulipofunguliwa tena tuliondoka na begi moja. Nikafunga karakana yangu ya kuchomelea mtaani Gudele, nikaacha mageti mawili ambayo hayajapakwa rangi. Tulikaa Nairobi kwa shemeji, na ni yeye aliyesema: mko hapa hamna kazi, mpelekeni mtoto kwa daktari wa ngozi.

Yule daktari alikuwa mama wa makamo, mmoja wa wengi wa ukanda huu waliosomea Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992. Hakuanza na maneno. Alichukua kipande chembamba cha kioo, akakilaza juu ya shavu la mtoto, akabonyeza. Chini ya kioo zambarau ikatoweka, ikabaki ngozi ya kahawia kama ya upande wa pili. Akainua kioo, na rangi ikarudi taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati, kama maji yanavyorudi kwenye unyayo penye tope.

"Umeona, baba? Damu haijamwagika. Iko ndani ya mishipa, inapita na kurudi. Shida ni kwamba mishipa imetanuka na haina nguvu ya kujikaza."

Akatueleza kwamba hilo ni doa la mvinyo, ndivyo madaktari wanavyoliita kwa rangi yake, na huonekana kwa watoto wapatao 3 katika kila 1,000. Halinywei. Likiachwa hukolea mwaka hadi mwaka, na kwa baadhi ya watu ukubwani ngozi huwa nene na kuota vinundu vinavyotoka damu vikiguswa. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo likinijia usiku hunikosesha usingizi: "Jicho hili limeshapimwa presha?"

Halikuwa limepimwa. Mwaka 1879 daktari Mwingereza, William Allen Sturge, alieleza habari za msichana mdogo mwenye baka kama hilo usoni, aliyekuwa na kifafa na jicho lililoharibika upande uleule. Miaka ya baadaye mwenzake Frederick Parkes Weber alionyesha kwamba mishipa ya ubongo nayo huwa imeguswa, na ugonjwa ukapewa majina yao wawili. Si kila mwenye baka anao. Lakini linapogusa paji la uso au kope, presha inaweza kupanda ndani ya jicho na kuua mishipa ya fahamu ya kuonea kimyakimya. Miaka minne tulikuwa tukisubiri rangi ififie, na hakuna aliyetuambia kuhusu jicho. Tulikwenda kwa daktari wa macho wiki ileile. Presha ilikuwa sawa. Nilikaa kwenye benchi la nje nikashindwa kusimama.

Mke wangu naye alikuwa na swali lake. Aliliuliza kwa sauti ndogo, akitazama sakafu: "Ni kwa sababu ya kile nilichokunywa?" Daktari aliacha kuandika. Akamwambia kwamba mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichukua vipande vya ngozi yenye mabaka haya wakavichunguza, na katika 12 kati ya 13 wakakuta kosa moja lilelile kwenye jeni iitwayo GNAQ. Kosa hilo hutokea katika seli moja baada ya mimba kutungwa. Halirithiwi kwa mama wala kwa baba, na hakuna chakula wala kinywaji kinachojulikana kulileta. "Hukumfanya chochote mwanao, mama," akasema. Nimekaa na mke wangu katika vita, na bado sijamwona akilia kama alivyolia siku ile.

Sasa nije kwenye leza yenyewe, kwa sababu ni jambo ambalo mikono yangu ililielewa kabla ya kichwa. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kazi nilijifunza Kamukunji, Nairobi, na mwaka 2011 nikaipeleka Juba, mji uliokuwa ukijenga kuta na kutafuta mageti. Kila fundi wa kuchomelea anajua taabu ya bati jembamba. Ukilikalia, unalitoboa. Dawa yake ni kugusa na kuinua, kugusa na kuinua, ili joto liyeyushe pale unapotaka na likose muda wa kutambaa pembeni.

Daktari aliponieleza, nilisikia habari za bati langu. Leza za zamani, zile za gesi ya argoni za miaka ya 1970 na 1980, zilikuwa zikikawia kwenye ngozi. Mishipa iliungua, na ngozi iliyoizunguka ikaungua pia, watu wakabaki na makovu. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish wa Boston walichapisha kanuni iliyobadilisha kazi hiyo: chagua rangi ya mwanga inayonyonywa na kile unachotaka kukichoma, kisha uwashe kwa muda mfupi kuliko ule ambao kitu hicho kinahitaji ili kipoe. Kinachotafutwa hapa ni damu. Wekundu wa damu, hemoglobini, unapenda mwanga wa manjano. Kwa hiyo mashine hutoa mwanga wa manjano wa nanomita 595 hivi kwa milisekunde moja na nusu, au chini ya hapo. Mshipa ambao ni mwembamba kuliko unywele unachemka, na kabla joto halijafika kwa jirani, mwanga umeshazimika.

Kwa ngozi kama yetu kuna kizuizi njiani, nacho ni weusi wenyewe. Melanini iko juu, damu iko chini, na zote mbili hunyonya mwanga huohuo. Geti jeusi la Juba saa nane mchana huwezi kulishika, na jeupe unalishika. Ngozi iko vivyo hivyo. Nguvu inayomfaa Mzungu inaweza kumchoma Mwafrika malengelenge na kumwachia madoa meupe au meusi zaidi ya baka lenyewe. Kipimo cha aina za ngozi ambacho madaktari hukitumia kupangia nguvu za leza, alichokitoa Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, kilianza na ngozi nyeupe peke yake. Ngozi ya kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Nalisema hili kwa uchungu: sehemu kubwa ya ujuzi huu ilipatikana kwa ngozi isiyo yetu, na daktari wa Nairobi au Kampala analazimika kuutafsiri upya kwa kila mgonjwa anayekaa mbele yake. Wetu alifanya hivyo. Alijaribu kwanza sehemu ndogo chini ya sikio, kwa nguvu ya chini, akatuambia turudi baada ya wiki nane. Tuliporudi ngozi ilikuwa salama na palikuwa pamefifia kidogo. Ndipo akakubali kuanza.

Siku hiyo ilikuwa Januari 2017. Mtoto alipakwa dawa ya ganzi, akafunikwa macho, nami nikapewa miwani mizito. Nimevaa miwani ya kazi maisha yangu yote, lakini siku hiyo mikono ilitetemeka. Mashine ilifyonya: fss, gesi ya baridi ikipuliza juu ya ngozi ili sehemu ya juu isiungue, kisha tak, mwanga. "Baba, inanichapa kama mpira!" akalia. Daktari hakuigusa kope. Fss, tak. Kila pigo liliacha duara la ukubwa wa kifungo cha shati, na mbele ya macho yangu duara liligeuka kutoka zambarau kuwa la kijivu, kisha jeusi kama wino. Tulipomaliza, shavu la mwanangu lilikuwa limejaa vifungo vyeusi.

Siku mbili baadaye tukarudi Juba, kwa kuwa nilikuwa na kazi ya watu. Haboba alipomwona mjukuu alijishika kichwa: "Mmemchoma mtoto." Daktari alikuwa ametuonya kwamba weusi utakuja, ila kusikia ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Nikaenda duka la dawa karibu na barabara, nikaeleza. Kijana aliyekuwa dukani akaniambia kwamba hiyo ni damu iliyoganda, na isipoyeyushwa itapanda kwenye ubongo. Akanipa aspirini. Nilimpa mtoto nusu kidonge usiku, nusu nyingine asubuhi. Kufikia jioni kingo za vile vifungo hazikuonekana tena. Zambarau ilikuwa imesambaa hadi chini ya taya.

Nilipiga simu Nairobi nikiwa nimesimama barabarani. Daktari hakunifokea, na pengine angenifokea ningejisikia nafuu. Alisema: "Acha hiyo dawa sasa hivi. Keti chini nikueleze kilichomo ndani ya hilo shavu." Nilikaa juu ya tofali, na nayaandika hapa alivyoniambia, kwa sababu ni maelezo ambayo kila mzazi anapaswa kuyapata kabla ya mwanga kuwashwa.

Mwanga unapompata mgonjwa, mambo mawili hutokea katika damu, nasi huyaita kwa jina moja, kuganda. La kwanza ni kupikwa. Joto likivuka nyuzi 70 hivi, protini za damu hushikana kama ute wa yai kwenye kikaango, chembe nyekundu zikagandamana na ukuta wa mshipa ulioungua. Hapo mwili haujafanya kazi yoyote. Ni joto tu. La pili ni kazi ya mwili wenyewe. Ukuta uliojeruhiwa huziita chembe sahani, zikanata pale, nyuzi za fibrini zikazifunga, na njia ikazibwa. Pigo likiwa fupi sana, baadhi ya mishipa hupasuka na damu kidogo kuvuja kwenye ngozi. Huo ndio weusi niliouona. Hukaa wiki moja mpaka mbili, kisha chembe nyeupe huusafisha pamoja na mabaki ya mishipa iliyokufa.

"Kwa hiyo," akasema, "hilo ganda unalotaka kuliyeyusha ndilo tiba tuliyolipia."

Nikamuuliza juu ya ubongo. Akaniambia mwanga ule hauendi mbali zaidi ya milimita moja hivi ndani ya ngozi, mishipa ile ni midogo mno, na kilichopikwa hubaki kimeng'ang'ania palepale kilipopikiwa. Aspirini haiyeyushi ganda lililokwisha kufanyika. Inachofanya ni kuzilegeza chembe sahani zisishikane, na chembe iliyoguswa na aspirini haipati nguvu zake tena mpaka ife, siku saba hadi kumi. Ndiyo maana michubuko ilisambaa. Isitoshe, mtoto mwenye homa ya virusi, kama mafua makali au tetekuwanga, akipewa aspirini anaweza kupata ugonjwa wa Reye unaoharibu ini na ubongo. Wapo watoto wenye ugonjwa wa Sturge na Weber ambao madaktari huwapa aspirini kidogo kulinda ubongo wao, lakini huo ni uamuzi wa daktari, kwa kipimo chake na kwa sababu yake. Hauwezi kuwa wa baba mwenye hofu na kijana wa dukani.

Akaniambia pia kwa nini tangu mwanzo alisisitiza kujua baka ni la aina gani. Yapo mabaka ya bluu, laini, yanayovimba mtoto akiinama au akilia. Hayo ni ya vena, na damu humo hutembea polepole hadi huganda yenyewe, ikitumia akiba ya mwili ya kugandisha na kuacha vijiwe vidogo ndani ya nyama. Mgonjwa wa namna hiyo hupimwa damu kabla ya kuguswa. Na wapo watoto wachache wenye uvimbe wa nadra unaomeza chembe sahani mpaka mtoto akavuja damu mahali pengine. Kasabach na Merritt walieleza habari za mtoto kama huyo mwaka 1940. Yote hayo mtu wa kawaida atayaita baka.

Vifungo vilifutika siku ya kumi na sita. Chini yake shavu lilikuwa limepungua rangi, si sana, ila mke wangu aliona kabla yangu. Jumapili hiyo tulipita kwenye kibanda cha chai karibu na soko la Konyo Konyo. Yule mama muuzaji akauliza tunataka nini. Mke wangu akaagiza karkade. Haboba alikuwa nasi, akamtazama, akaagiza na yake.

Tulikwenda mara nane kwa jumla kati ya 2017 na 2019, kila safari ikinigharimu thamani ya mageti mawili, bila kuhesabu nauli. Nilimnunulia mtoto kofia pana ya ukindu, maana jua la Juba kwenye ngozi iliyotoka kupigwa leza huleta madoa. Kufikia mara ya tano baka lilikuwa limefifia vizuri. Kuanzia hapo mabadiliko yalikuwa madogo, na daktari hakutuficha sababu. Mishipa iliyo chini zaidi haifikiwi, na ile myembamba mno hupoa kabla haijaiva. Kisha mwili, ukiona sehemu imekosa damu, hutuma amri ya kujenga mishipa mipya, kama unavyofanya kwenye kidonda chochote. Uwezo uleule unaoponya ngozi hulirudisha baka. Wachache hupona kabisa, kwa wengi baka hufifia tu. Natamani kila kliniki ingelisema hilo kabla ya kupokea pesa.

Machi 2020 korona ilifunga mipaka, tukaacha. Miaka miwili baadaye rangi ilikuwa imerudi kidogo karibu na sikio.

Mwaka 2025 binti yetu alitimiza miaka 13. Nilimuuliza kama anataka turudi Nairobi, pesa nilikuwa nimeshaweka. Alikwenda kwenye kioo, akasimama kwa muda, akarudi. "Hapana, baba. Hili lililobaki ni langu." Nimekubali. Haboba ana gilasi yake ya chai. Siku hizi mtoto mchanga mwenye baka akizaliwa mtaani, huituma kwa wazazi waibonyeze juu ya baka wenyewe waone damu ikiondoka na kurudi, na hamuulizi tena mama alitamani nini.

Jicho la kushoto la binti yetu tunalipima kila mwaka, kwa sababu presha inaweza kupanda hata ukubwani. Kama una mtoto mwenye baka linalogusa kope au paji la uso, uwe Juba, Arua au Eldoret, habari za leza zinaweza kungoja. Mpeleke akapimwe jicho wiki hii.